Mchezo wa Crysis: Je, Sifa Zake Zilistahili?

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini siku hizi hata vilivyo vizuri hutembezwa kwa matangazo makubwa, na mwenye nyumba hubaki akijiuliza kama atoe fedha zake au azirudishe mfukoni. Swali la namna hiyo lililetwa kwa mwandishi wenu na jirani mmoja wa Musaga, mjini Bujumbura, sajini aliyestaafu kutoka Jeshi la Ulinzi la Taifa.

Binti wa sajini huyo, anayesoma Ubelgiji, alikuja likizo akawaletea wazazi wake kompyuta iliyokwisha kutumika ofisini. Ndani yake alikuwa ameweka mchezo mmoja wa bunduki uitwao Crysis, aliomnunulia mdogo wake wa kiume, aliyezaliwa mwaka 2007. Kijana alifurahi sana, lakini furaha yake ilikuja na ombi. Alikuwa amesikia kwa wenzake kwamba mchezo huo hauonekani vema bila kadi ya picha, yaani kile kifaa kinachotiwa ndani ya kompyuta ili kichore picha zinazokwenda kasi. Akamwomba baba yake fedha za kununulia kadi hiyo.

Fedha zilikuwapo, ila zilikuwa na kazi yake. Mama wa nyumba alikuwa amezitenga kwa ajili ya mabati ya jiko, maana mvua zilikuwa zinakaribia, na paa la zamani lilikwisha kutoboka mahali pengi.

"Mchezo huu umezaliwa mwaka mmoja na kijana wangu," alisema Sajini. "Kwa nini bado unasifiwa? Nami nitajuaje kama sifa hizo ni za kweli?"

Mwandishi wenu aliona kwamba swali hilo linazihusu nyumba nyingi, hasa za askari na polisi, ambamo vijana huvutwa na michezo ya vita kwa sababu wanaiona kazi ya baba zao humo. Kwa hiyo tuliamua kuupima mchezo wenyewe.

WALIOUUNDA

Crysis ulitolewa mwezi wa Novemba 2007. Uliundwa na Crytek, kampuni ya Ujerumani iliyoanzishwa mwaka 1999 katika mji wa Coburg na ndugu watatu wenye asili ya Uturuki, Cevat, Avni na Faruk Yerli. Baadaye kampuni hiyo ilihamia Frankfurt. Kazi ya kuutangaza na kuuuza mchezo duniani ilifanywa na kampuni ya Marekani, Electronic Arts.

Ndugu hao walikuwa wamekwisha kujipatia jina mwaka 2004 kwa mchezo wao wa Far Cry, uliowapa wachezaji visiwa vyenye nafasi kubwa ya kutembea, wakati michezo mingi ya bunduki ilikuwa ikiwapitisha watu katika ujia mmoja mwembamba. Watu walitazamia kwamba kazi yao ya pili ingekuwa kubwa zaidi.

Hadithi ya Crysis imewekwa katika mwaka 2020, ambao wakati huo ulikuwa bado uko mbali. Mchezaji ni askari wa kikosi maalumu cha Marekani, anayetumwa katika visiwa vya Lingshan, ambavyo havimo katika ramani yoyote. Jeshi la Korea ya Kaskazini limeviteka visiwa hivyo na kuwashika wataalamu waliokuwa wakichimba huko. Askari huyo amevaa vazi la ajabu lenye uwezo wa namna nne: kumkinga na risasi, kumwongezea nguvu, kumwongezea mbio na kumfanya asionekane. Baadaye inagunduliwa kwamba ndani ya mlima mna viumbe wa sayari nyingine, na vita hubadilika.

SIFA ZILIZOTANGULIA

Kabla mchezo haujatoka, picha za msitu wake zilionyeshwa kando ya picha za msitu wa kweli, ili watu wastaajabu jinsi zinavyofanana. Ikasemwa pia kwamba uzuri wake wa juu kabisa ungepatikana tu kwa wenye mfumo mpya wa kampuni ya Microsoft, Windows Vista, uliotolewa mwanzoni mwa mwaka huohuo. Watu wengi waliamini. Walakini, mara mchezo ulipotoka, wachezaji wadadisi waligundua kwamba kwa kubadili maneno machache katika mafaili yake, sehemu kubwa ya uzuri huo ilionekana hata katika mfumo wa zamani. Hapo ndipo matangazo yalipoanza kutofautiana na ukweli.

Jambo la pili lilikuwa uzito wake. Kompyuta ya chini kabisa iliyotakiwa ilikuwa na prosesa ya gigahezi 2.8, kumbukumbu ya gigabaiti 1, na nafasi ya gigabaiti 12 katika diski. Kwa mwaka 2007 hayo hayakuwa madogo, nayo yalitosha kuufungua mlango tu. Aliyetaka kuuona mchezo kama ulivyotangazwa alihitaji zaidi. Kadi ya NVIDIA iitwayo GeForce 8800 Ultra, iliyotoka mwezi wa Mei 2007 kwa bei ya dola 829, ilikuwa miongoni mwa kadi za bei kubwa kabisa za wakati huo. Hata hiyo ilihangaika pale picha zilipowekwa katika kiwango cha juu. Kwa hiyo mtu aliweza kutoa fedha hizo zote na bado akauona mchezo ukienda kwa kusitasita.

Kwa miaka mingi baadaye, kila ilipotoka kompyuta mpya, watu waliuliza kwa mzaha: je, inaweza kucheza Crysis? Wenyewe waliukubali mzaha huo. Mchezo ulipotengenezwa upya mwaka 2020, kiwango cha juu kabisa cha picha zake kilipewa jina la swali hilohilo.

KWA NINI ULIKUWA MZITO HIVYO?

Wengi walidhani uzito ulitokana na uzuri wa picha peke yake. Iko sababu nyingine, nayo yafaa ieleweke na kila mnunuzi wa kompyuta.

Kwa miaka mingi prosesa zilikuwa zikiongezewa mbio kila mwaka, na waundaji wa mchezo walitazamia mwendo huo uendelee. Kumbe haukuendelea. Viwanda viliona kwamba mbio zikizidi, joto nalo huzidi mno. Basi badala ya kutengeneza prosesa moja yenye mbio zaidi, vikaanza kuweka mbili, nne na zaidi ndani ya kifaa kimoja, zigawane kazi.

Mfikirie mfanya biashara wa soko la Ruvumera aliyefunga bidhaa zake zote katika gunia moja kubwa, akitumaini kwamba mwakani atapata mbeba mizigo mwenye nguvu mara mbili. Mwaka ukafika, akaletewa wabeba mizigo wanne wa kawaida. Gunia ni moja, na mgongo utakaolibeba ni mmoja, na wale wengine wanasimama wakitazama. Ndivyo ilivyokuwa kwa Crysis. Mchezo ulijengwa kwa ajili ya kompyuta ambayo haikuja kutengenezwa. Ndiyo maana hata mashine zilizotoka miaka mingi baadaye, ambazo kwa kazi nyingine zilikuwa na nguvu nyingi, ziliona taabu kuubeba.

JIONI MOJA MUSAGA

Fundi mmoja wa Buyenzi alikubali kutuazima kadi ya picha kwa usiku mmoja, kwa sharti irudishwe asubuhi. Ikatiwa ndani ya kompyuta ile, na jamaa wote wakakusanyika sebuleni. Mama wa nyumba alikaa karibu na mlango akichambua maharage, akisema kwamba yeye hatazami, ila macho yake yalikuwa kwenye kioo.

Hapana budi tuseme kweli: mwanzo wa mchezo ni mzuri ajabu. Askari anashuka usiku kwa mwavuli mpaka baharini, anaogelea hadi ufukoni, na jua linapochomoza anaona msitu, ghuba na milima mbele yake. Majani husogea anapoyapita. Miti midogo hukatika ikipigwa risasi, na kibanda cha mabati huporomoka kikigongwa na gari. Watoto wa nyumba hiyo walipiga kelele za furaha.

Lakini kilichomvuta Sajini hakikuwa picha. Mbele ya kijana palikuwa na kituo cha adui, na mchezo haukumwagiza namna ya kukiingia. Mara ya kwanza alipita barabarani akauawa. Mara ya pili alizunguka kwa majini. Mara ya tatu alijificha kwa lile vazi, akapita nyuma ya walinzi bila kufyatua hata risasi moja. Nao maadui hawakusimama kama vinyago. Waliitana, wakajigawa, wakatafuta kumzunguka. Katika daraja gumu kuliko yote husema Kikorea, hata asiyekijua asiweze kusikia wanapanga nini.

"Hapa pana akili," alisema Sajini. "Kijana anafunzwa kutazama kabla ya kwenda."

Sifa za mchezo huu zinadumu mpaka kama nusu yake. Baada ya mchezaji kuingia mlimani na kukutana na wale viumbe, uhuru hupungua. Kisiwa huganda kwa barafu, njia inakuwa moja, na adui anaelea hewani akirukaruka bila mbinu ya maana. Iko sehemu ya kurusha ndege ya kivita ambayo wachezaji wengi duniani waliilalamikia, na mchezo ulipopelekwa kwenye mashine za PlayStation 3 na Xbox 360 mwaka 2011, sehemu hiyo iliondolewa kabisa. Mwisho wake nao hukatika ghafula, kana kwamba mtambaji wa hadithi ameitwa nje. Aliyetaka kujua yaliyofuata alilazimika kungoja michezo mingine.

SWALI GIZANI

Tulipofika hapo umeme ulikatika. Mama akawasha taa ya jua, watoto wadogo wakaenda kulala, nasi tukabaki tumekaa. Ndipo kijana alipomwuliza baba yake neno ambalo, kama alivyotuambia baadaye, alikuwa amelishika kwa miaka mingi.

"Baba, kule Somalia kulikuwa hivi?"

Wasomaji wanakumbuka kwamba askari wa kwanza wa Burundi katika kikosi cha Umoja wa Afrika, AMISOM, walifika Mogadishu mwezi wa Desemba 2007, mwezi mmoja tu baada ya mchezo huu kutoka. Wakati huo hata nyumbani amani ilikuwa bado changa. Mapatano ya kusimamisha vita na kundi la mwisho la wapiganaji yalikuwa yametiwa sahihi Dar es Salaam mwezi wa Septemba 2006, na bado silaha zote hazijawekwa chini. Sajini alikwenda Somalia mara mbili. Safari ya kwanza aliondoka mtoto huyu hajaanza kutembea. Aliporudi hakuwa msemaji, na watoto walizoea kutomwuliza.

Alinyamaza kitambo, kisha akajibu kwa kuuliza.

"Katika kisiwa kile, wenyeji wako wapi?"

Kijana akafikiri. Vijiji vya mchezo vina nyumba, vina boti na vyombo vya kupikia. Hata kuku wapo, wanatembea uani. Lakini hakuna mama anayeteka maji, hakuna mtoto, hakuna mchuuzi. Kila anayeonekana kijijini ana bunduki, na ni adui.

"Basi hapo ndipo palipo tofauti," alisema Sajini. "Kule sisi tulikuwa tunasimama penye watu. Gari linakuja, nawe hujui kama ni la mchuuzi wa ndizi au ni la mtu anayetaka kukuua. Ukikosea upande huu unakufa wewe na wenzako. Ukikosea upande ule umemwua baba wa watu. Huna vazi la kujificha. Unasimama juani saa nyingi, una kiu, na siku nyingi hakuna linalotokea. Kungojea ndiko kazi. Na mtu akijeruhiwa hapati nafuu kwa kukaa nyuma ya mti akahesabu mpaka kumi. Anabebwa, na anayembeba unamjua kwa jina, na anayebebwa unamjua kwa jina."

Hakusema zaidi, na hakuna aliyemtaka aseme zaidi. Umeme uliporudi, kijana hakuuwasha mchezo mara moja.

HUKUMU YETU

Je, sifa za Crysis zilistahili? Jibu letu tunaligawa mafungu matatu.

Kwa upande wa picha, zilistahili. Kwa mwaka 2007 kazi ile ilikuwa ya mbele sana, na hata leo mwanzo wake unapendeza macho. Ila mnunuzi wa mwaka ule aliuziwa uzuri ambao kompyuta yake haikuweza kumwonyesha.

Kwa upande wa mchezo wenyewe, nusu ya kwanza ni bora kuliko ilivyotangazwa. Uhuru wa kuchagua njia, na akili ya maadui, ndivyo vinavyomrudisha mtu tena na tena, na mambo hayo mawili hayahitaji kadi ya bei kubwa. Nusu ya pili ni ya kawaida.

Kwa upande wa vita, mchezo hauonyeshi vita. Tusiulaumu sana kwa hilo, kwa kuwa umetengenezwa kuburudisha. Lakini kijana asidhani kwamba akiumaliza ameijua kazi ya baba yake.

USHAURI KWA WENYE NYUMBA

Asubuhi yake, kabla kadi haijarudishwa Buyenzi, tulifanya jaribio la mwisho. Tuliitoa, tukaufungua mchezo kwa nguvu ya kompyuta yenyewe, picha zikiwa katika kiwango cha chini. Majani yalipungua, vivuli vikafifia, na bahari ikawa kama bati lililopakwa rangi. Lakini mchezo ulikwenda bila kusitasita, na walinzi wa kile kituo walikuwa walewale, na akili yao ileile. Kijana aliuvamia kwa njia ya nne ambayo hakuifikiria usiku. Kutokana na jaribio hilo na mengine tuliyojifunza, tunawashauri wasomaji kama ifuatavyo.

Kwanza, jaribuni mchezo katika kompyuta mliyo nayo kabla ya kununua chochote. Mara nyingi kiwango cha chini cha picha kinatosha kabisa.

Pili, msinunue kifaa kwa sababu ya mchezo mmoja. Kifaa kinachoonekana cha ajabu leo, baada ya miaka michache hupatikana kwa bei ndogo katika mashine zilizotumika, na mchezo utakuwa ungali ukiwangoja.

Tatu, hesabuni umeme. Kadi kama ile 8800 Ultra hutumia wati zipatazo 170 peke yake, sawa na taa 17 za wati 10. Kompyuta nzima ikitumia wati 350, ikichezwa saa tatu imemaliza yuniti moja na zaidi. Aidha, umeme wetu hukatika na kurudi kwa kishindo, kwa hiyo kifaa cha kuikinga kompyuta kina faida kuliko kadi ya picha. Na kwa joto na vumbi la Bujumbura, fungueni kompyuta kila baada ya miezi michache na kusafisha feni yake kwa brashi laini, umeme ukiwa umetolewa.

Nne, angalieni umri. Nchini Marekani mchezo huu uliwekwa katika daraja la watu wa miaka 17 na kuendelea, maana mna mauaji mengi. Watoto wadogo wasikae sebuleni wakati kaka yao anacheza, kama walivyokaa siku ile kwa makosa yetu.

Tano, na hili ndilo kubwa, mzazi asimwache mwanawe peke yake na mchezo wa vita. Akae naye hata nusu saa, atazame, aulizwe, ajibu kadiri awezavyo. Katika nyumba za askari na polisi yako mambo ambayo hayasemwi kwa sababu hakuna aliyepata pa kuyaanzia.

Kadi ilirudishwa kwa fundi siku ileile. Wiki iliyofuata mabati yalinunuliwa, na Sajini na kijana wake wakapanda wenyewe juu ya jiko kuyapigilia misumari. Tulipopita hapo jioni walikuwa bado huko juu, wamemaliza kazi, wamekaa wanazungumza. Mama alikuwa chini akiwaita waje kula mukeke kabla haijapoa, nao wakijibu kwamba wanakuja, wala hawaji.